Tathmini ya runinga ya nukta za kwanta baada ya miezi saba ya kuitumia Dodoma

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilinunua runinga ya inchi 50 katika duka moja la vifaa vya umeme hapa Dodoma, si mbali na soko la Majengo, kwa shilingi 1,450,000. Juu ya boksi zilichapwa herufi nne kwa rangi ya dhahabu: QLED. Duka sitalitaja, wala kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu mengi nitakayoyasema yanazihusu runinga zote zinazouzwa kwa jina hilo. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa kidato cha tano na cha sita, na herufi ya kwanza kati ya hizo nne ndiyo iliyonifanya niongeze karibu laki nne juu ya bei ya runinga ya kawaida ya ukubwa uleule. Herufi hiyo inasimama badala ya neno kwanta, neno la fizikia ya vitu vidogo mno. Anayeliweka neno hilo kwenye boksi la bidhaa anadai kwamba ndani yake mna kitu mahususi kinachofanya kazi kwa namna mahususi, nami nilitaka kujua kama nimelipia kitu hicho au nimelipia wino wa dhahabu.

Kijana aliyeniuzia aliniambia kwa adabu na kwa imani kubwa, "Mwalimu, humu ndani mna nukta ndogondogo zinazowaka zenyewe, ndiyo maana rangi zake zinang'aa hivi." Nusu ya kwanza ya maneno yake ni kweli, nusu ya pili si kweli, na mnunuzi anastahili kuijua tofauti hiyo kabla hajatoa fedha. Nyuma ya kioo cha runinga ya aina hii kuna taa ndogo za LED zinazotoa mwanga wa buluu. Mbele ya taa hizo imetandazwa karatasi nyembamba ya plastiki ambayo ndani yake zimetawanywa chembe za semikondakta (vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi tu) zinazoitwa nukta za kwanta, nazo ni za aina mbili. Mwanga wa buluu unapopita, sehemu yake humezwa na chembe hizo na kurudishwa ukiwa wa kijani au mwekundu, na sehemu nyingine hupenya ukiwa buluu vilevile. Rangi hizo tatu zikichanganyika hutoa mwanga mweupe, na kuanzia hapo mambo huendelea kama katika runinga yoyote bapa, ambapo fuwele za kimiminika hufungua na kuziba njia ya mwanga, na vichujio huchagua rangi ya kila pikseli, yaani kila kitone cha picha. Kwa hiyo nukta haziwaki zenyewe, bali hubadilisha mwanga zinaopewa. Runinga ambayo kila pikseli yake huwaka yenyewe ni ile ya OLED, na hiyo ni bidhaa nyingine yenye bei nyingine.

Chembe hizo ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga laki tano zenye upana wa nanometa 4 kila moja (nanometa ni sehemu ya milioni ya milimita), zikigusana katika mstari mmoja, mstari huo utakuwa na milimita 2, yaani kama upana wa punje moja ya uwele. Katika udogo huo elektroni hubanwa. Waliokulia Ugogoni watanielewa upesi nikiwakumbusha zeze: mpigaji anapoubana uzi kwa kidole, sehemu inayotetema hufupika na sauti hupanda, ingawa uzi haukubadilishwa. Elektroni iliyofungiwa ndani ya chembe hufuata kanuni inayofanana na hiyo. Chembe ikiwa ndogo, nishati ya kuiamsha elektroni huwa kubwa, nayo inapotulia hutoa mwanga unaoelekea upande wa buluu. Chembe ikiwa kubwa, mwanga wake huelekea wekundu. Kwa selenidi ya kadimiamu, mojawapo ya semikondakta hizo, chembe za nanometa 2 hivi hutoa mwanga wa buluu, na za nanometa 6 hivi hutoa mwekundu. Kemikali haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ukubwa wake, na ukubwa ndio ulioamua rangi.

Karatasi ile ya plastiki imebeba miaka mingi ya kazi ya watu watatu waliopewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023, na kati yao safari ya mwanafizikia Alexei Ekimov ndiyo inayonigusa zaidi. Ekimov alizaliwa mwaka 1945 katika Umoja wa Kisovieti, akasomea fizikia Leningrad, na katika utafiti wake wa uzamivu alijifunza kuzichunguza semikondakta kwa kuzimulika na kupima mwanga unaomezwa. Baadaye aliajiriwa katika taasisi ya Vavilov ya sayansi ya mwanga, mjini humohumo, akakutana na jambo ambalo mafundi wa vioo walikuwa wakilijua tangu zamani: kioo kilichotiwa kemikali moja kinaweza kutoka cha njano, cha machungwa au chekundu, kutegemea joto la tanuri na muda wa kukipasha. Mafundi walilichukulia jambo hilo kama siri ya kazi yao, lakini Ekimov aliuliza inawezekanaje kitu kimoja kiwe na rangi tatu. Alitengeneza vioo vyenye kloridi ya shaba, akavipasha kwa joto la kati ya nyuzi 500 na 700 za Selsiasi, vingine kwa saa 1 na vingine hadi saa 96, kisha akavipima kwa eksirei. Ndani yake alikuta fuwele ndogo sana, nyingine za nanometa 2 na nyingine zikifikia 30, na kadiri fuwele zilivyokuwa ndogo ndivyo mwanga zilioumeza ulivyosogea upande wa buluu. Aliyatambua aliyoyaona, kwa sababu nadharia ya kwanta ilikuwa imetabiri kwa muda mrefu kwamba ukubwa utaleta badiliko la namna hiyo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la Kisovieti, na kwa kuwa mipaka ya siasa ya wakati ule ilizuia hata karatasi kusafiri, watafiti wengi wa Magharibi hawakuyasoma upesi. Ekimov alihamia Marekani mwaka 1999, na tuzo ilipomfikia alikuwa na miaka 78, miaka 42 baada ya vioo vile.

Ninaikalia habari hiyo kwa muda kwa sababu tanuri, kioo cha rangi na kipimo cha mwanga ni vitu ambavyo mwanafunzi wa Dodoma anaweza kuvielewa bila kuingia katika maabara ya mabilioni. Swali la Ekimov lilitoka katika kazi ya mikono ya watu wa kawaida. Ninawaomba wanafunzi wangu waliangalie hilo kwa makini kila mwaka, na mwaka huu nilikuwa na kitu cha kuwaonyesha.

Louis Brus, akiwa katika maabara ya Bell huko New Jersey, alifika palepale kwa njia nyingine bila kujua habari za Leningrad. Alikuwa akitafuta namna ya kuendesha mabadiliko ya kemikali kwa nguvu ya jua, akitumia chembe za salfidi ya kadimiamu zinazoelea katika kimiminika. Aliziacha mezani kwa muda, akaona tabia yake ya kumeza mwanga imebadilika. Chembe mpya zilikuwa na nanometa 4.5 hivi, na zile zilizokaa siku moja zilikuwa zimekua hadi 12.5. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1983. Faida yake juu ya kioo cha Ekimov ilikuwa kwamba chembe zinazoelea zinaweza kuchukuliwa na kupelekwa kwingine, na bila hilo karatasi ya plastiki iliyomo sebuleni kwangu isingewezekana.

Wa tatu ni Moungi Bawendi, ambaye baba yake alikuwa mtaalamu wa hisabati kutoka Tunisia. Alizaliwa Paris mwaka 1961, akaishi Ufaransa na Tunisia kabla ya familia kuhamia Marekani, na amesimulia mwenyewe kwamba katika mtihani wake wa kwanza wa kemia chuoni Harvard alipata alama 20 kati ya 100. Alifanya kazi chini ya Brus, kisha mwaka 1990 akaenda MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, na mwaka 1993 yeye na wanafunzi wake wakatatua tatizo lililokuwa limewashinda wengi, yaani kupata chembe zenye ukubwa unaolingana. Njia yao ilikuwa kuingiza malighafi kwa mkupuo mmoja katika kimiminika cha moto sana ili mbegu za fuwele zizaliwe kwa wakati mmoja, kisha kuzikuza kwa kudhibiti joto. Anayekaanga kalimati analijua jambo hili: zikitumbukizwa moja moja kwa kuchelewa, zitatoka nyingine nyeusi na nyingine mbichi, lakini zikiingia pamoja huiva pamoja. Mwaka 1996 watafiti wengine waliongeza ganda la salfidi ya zinki juu ya selenidi ya kadimiamu, na mwanga ukaongezeka nguvu kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2004 watu waliotoka MIT walianzisha kampuni ya QD Vision, mwaka 2013 Sony ikauza runinga zenye teknolojia hiyo, na mwaka 2017 Samsung ikaleta sokoni jina QLED ambalo sasa tunaliona hata Majengo.

Ulinganifu huo wa ukubwa ndio anaoulipia mnunuzi. Chembe zikilingana, kila rangi hutoka katika mkanda mwembamba, wa upana wa nanometa 30 hivi, kijani ikiwa karibu na nanometa 530 na nyekundu karibu na 630. Chembe zikitofautiana, mikanda hupanuka na kuingiliana, na rangi huchafuka. Hapo ndipo kipimo kinapowezekana nyumbani.

Nilichukua CD ya zamani, nikabandika gundi ya karatasi upande wenye maandishi na kuivuta hadi utando wa fedha ukabanduka, nikabaki na plastiki angavu yenye mifereji ya kuachana kwa maikrometa 1.6 (maikrometa ni sehemu ya elfu ya milimita). Katika flashi niliweka picha moja tu, nyeusi yote, yenye mstari mweupe mwembamba uliosimama katikati. Usiku nilizima taa za sebuleni, nikakaa mita 2 kutoka kwenye runinga, nikautazama mstari kupitia ukingo wa CD. Mahesabu yanaonyesha kwamba mwanga wa nanometa 450 utajitokeza kwenye pembe ya nyuzi 16 hivi, wa 530 kwenye 19 na wa 630 kwenye 23, tofauti inayotosha kabisa kwa macho matupu. Nilianza na runinga yangu ya zamani, inayotumia LED nyeupe za kawaida. Niliiona buluu ikiwa peke yake, kisha ukaja mkanda mpana ulioanzia kijani, ukapita njano na machungwa, ukaishia katika wekundu hafifu bila kukatika. Nilipohamia runinga mpya, mistari ilikuwa mitatu: buluu, kijani na nyekundu, na kati ya kijani na nyekundu palikuwa na giza. Nilirudia siku tatu, nikamwita na mke wangu aangalie bila kumwambia ninachotarajia, naye akasema, "Baba Neema, hii ya pili njano haimo." Kwake ilikuwa ajabu, maana picha ya ndizi mbivu kwenye runinga hiyo ni ya njano safi, kumbe njano hiyo hutengenezwa na jicho kutokana na kijani na nyekundu. Dai la boksi limethibitika kwa runinga hii, na ninalisema bila kusita.

Faida yake katika matumizi ya kila siku ni kubwa mahali fulani na ndogo mahali pengine. Sebule yetu ina dirisha la magharibi, na jua la Dodoma la saa kumi jioni halina huruma, lakini picha bado inaonekana kwa sababu mwanga wa buluu umegeuzwa rangi zinazohitajika badala ya kupotea katika vichujio. Video zilizorekodiwa kwa ubora wa juu zinazopatikana kwenye intaneti zinapendeza kwelikweli: nilitazama mavuno ya zabibu, na wekundu wa zabibu iliyoiva ulitofautiana na wa ile inayoanza kuiva, jambo ambalo runinga ya zamani haikuweza kulionyesha. Matangazo ya king'amuzi ni suala jingine. Mawimbi hayo yametayarishwa kwa rangi za kiwango cha zamani, na runinga haiwezi kurudisha rangi ambayo haikutumwa. Mtu anayetazama taarifa ya habari, vikao vya Bunge na mpira wa king'amuzi pekee hataipata thamani ya ile laki nne, nami ningemshauri anunue runinga ya kawaida. Pia runinga hutoka kiwandani ikiwa imewekewa rangi kali mno ili ivutie dukani. Uso wa mtangazaji ulikuwa kama umepakwa manjano hadi nilipoibadili kwa rimoti kwenda kwenye mpangilio wa sinema.

Kasoro nyingine ni mbili za kweli. Ukikaa pembeni, rangi hufifia, hivyo katika familia kubwa anayepata mkeka wa ukutani anatazama picha tofauti na aliye kwenye kochi. Na usiku, taa zikiwa zimezimwa, weusi hauwi weusi bali kijivu cha moshi, kwa kuwa taa za nyuma hazizimiki kabisa. Nukta za kwanta haziwezi kuiponya kasoro hiyo. Sauti ni ya wastani. Nunueni stabilaiza siku hiyohiyo, kwa sababu umeme unaorudi kwa kishindo hauchagui kifaa.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawaulizwi, nami ninatamani waulizwe. Chembe za mwanzo zilikuwa za kadimiamu, metali yenye sumu inayojikusanya katika figo. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.01 ya uzito katika malighafi za vifaa vya umeme, na watengenezaji wengi wamehamia fosfidi ya indiamu, ingawa mikanda yake ya rangi ni mipana kidogo. Boksi langu lina maandishi madogo yanayosema haina kadimiamu. Runinga iliyoharibika isipasuliwe na watoto uani wala isichomwe jalalani pamoja na takataka. Ikiwa boksi halisemi lolote, muulizeni muuzaji, na jibu lake liandikwe nyuma ya risiti ya EFD.

Jumamosi moja nilialika wanafunzi saba nyumbani waje na CD zao. Binti mmoja wa kidato cha sita, baada ya kuona mistari mitatu, aliniuliza, "Mwalimu, tukiitoa nukta moja tu humo ndani, nayo itawaka hivi hivi?" Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kuinunua. Nikamweleza kwamba nukta moja haiwaki hivyo. Mwaka 1996 watafiti, Bawendi na Brus wakiwa miongoni mwao, waliitazama nukta moja moja na kukuta inapepesa: huwaka, huzimika, kisha huwaka tena kwa nyakati zisizotabirika. Runinga haipepesi kwa sababu nukta zake hazihesabiki, na kuzimika kwa moja hufichwa na kuwaka kwa nyingine. Mwaka 2000 ikaonyeshwa pia kwamba nukta moja ya selenidi ya kadimiamu hutoa fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, kwa wakati, kamwe si mbili pamoja, na hadi leo watu hufanya kazi nzima ya maisha katika swali hilo, kwa kuwa fotoni zinazotoka moja moja kwa mpangilio zinaweza kubeba siri za mawasiliano. Mwaka 2019 kundi la Bawendi lilichapisha kazi kuhusu nukta za aina nyingine, za perovskaiti (aina ya fuwele) yenye madini ya risasi, ambazo fotoni zake zilikuwa zimetulia kiasi cha kuanza kufaa kwa kazi hiyo. Binti aliandika yote hayo nyuma ya daftari lake la hesabu.

Wiki iliyofuata shemeji yangu alitaka kununua runinga yake, tukaenda pamoja katika duka jingine tukiwa na flashi na CD mkobani. Tulimwomba muuzaji aweke picha ya mstari kwenye runinga mbili, naye alikubali kwa ukarimu na hata akatuzimia taa za upande ule. Ya kwanza ilitoa mikanda mitatu kama yangu. Ya pili, iliyokuwa na maneno ya kifahari kuhusu rangi na bei inayokaribia ile ya kwanza, ilitoa wekundu uliogawanyika katika mistari myembamba sana, mmoja mkali na mingine hafifu kandokando yake. Hiyo ni alama ya unga unaong'aa wenye floridi na manganizi, ambao hutoa nyekundu nzuri lakini si nukta za kwanta. Hakuna ubaya katika unga huo kama bei yake ni ya unga huo. Shemeji alimwonyesha muuzaji mistari ile, wakakubaliana bei mpya ya ile ya pili, iliyopungua kwa shilingi 220,000, akaichukua.